Kusajili pikipiki uliyohama nayo: anzia kwenye chesisi

Anayehamia Malindi na pikipiki yake kutoka Uingereza, Italia au Oman kwa kawaida huogopa ushuru. Ushuru una hesabu yake, na hesabu hiyo unaweza kuipiga ukiwa bado huko huko. Kinachowachosha watu ni usajili kukwama kwa herufi moja, pikipiki imefunikwa turubai uani Shella na chumvi ya bahari inakula mnyororo.

NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, haisajili pikipiki kwa kuitazama. Mfumo wake unaitafuta kwenye rekodi za forodha za KRA, mamlaka ya mapato, na kinachotafutwa ni nambari ya chesisi. Ikiwa hati ya forodha haina nambari hiyo, au ina tarakimu moja iliyokosewa, basi kwa ofisi pikipiki hiyo haijaingia Kenya, hata kama umekuja umeikalia.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya kupakia. Safisha shingo ya usukani, mahali nambari ilipopigwa kwenye chuma, uipige picha mchana, kwa mwanga wa ubavuni ili herufi zitokeze. Pikipiki za miaka ya karibuni zina herufi na tarakimu 17, na ndani yake hamna I, O wala Q. Ukiona karani ameandika O, ni sifuri. Ukiona I, ni moja. Zinazochanganywa sana ni 8 na B, 5 na S. Linganisha chuma na hati ya usajili ya kigeni, maana wakati mwingine kosa lilianzia huko, na hilo lirekebishwe huko. Piga picha nambari ya injini pia: logibuku ya Kenya huiandika, ilhali hati za usajili za Ujerumani, kwa mfano, haziitaji kabisa.

Kosa kubwa zaidi hufanywa na wanaoweka pikipiki ndani ya kontena la vyombo vya nyumbani. Kampuni ya kuhamisha mizigo huandika “vyombo vilivyotumika” na kufunga kontena. Bandarini Kilindini pikipiki inatoka pamoja na makochi, lakini karatasini haipo. Dai iwe na mstari wake kwenye orodha ya mizigo na kwenye hati ya shehena: aina, modeli, mwaka wa kuundwa, ukubwa wa injini, chesisi, injini. Usikubali kuambiwa mambo hayo yatashughulikiwa Mombasa.

Halafu majina. Huku pwani hili ni balaa lake peke yake. Kitambulisho kinasema Mohamed, pasipoti ya pili inasema Muhammad, hati ya gari ya Ulaya imekata jina la babu. Hati ya shehena iandikwe jina kama lilivyo kwenye PIN ya KRA (namba ya mlipakodi), neno kwa neno. Asiye raia apate kwanza kitambulisho cha mgeni na PIN. Bila hivyo akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, haitamfikisha mbali.

Nchi unayotoka nayo ina lake. Uingereza unaiarifu DVLA, ofisi yao ya usajili wa magari, kwamba chombo kinahamishwa moja kwa moja, nawe unabaki na sehemu kubwa ya V5C (hati ya usajili ya huko) kwa ajili ya usajili mpya. Italia, tangu 2020, kufuta usajili kwa sababu ya kuhamisha (radiazione per esportazione) hufanywa kabla chombo hakijaondoka. Ukishafika Malindi umechelewa. Hati za Kiitaliano zitafsiriwe rasmi kwa Kiingereza mapema. Na kwa kuwa Kenya ina kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika, mwambie wakala wako wa forodha akuletee jibu la KEBS, shirika la viwango, kwa maandishi kuhusu umri na ukaguzi wa pikipiki yako kabla hujalipia nafasi melini.

Kuhusu msamaha wa ushuru, watu husikia nusu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu anayehamisha makazi kuingiza gari moja bila ushuru, ikiwa amelimiliki na kulitumia mwenyewe nje kwa miezi 12 au zaidi, bila kuhesabu safari ya meli. Mkenya anayerudi awe ameishi nje miaka miwili, na katika miaka hiyo siku zake zote za kuwa nchini zisizidi 90. Mzigo ufike ndani ya siku 90 tangu ufike wewe. Zaidi ya hapo unaomba muda. Ni gari moja tu. Mwenye gari na pikipiki asiimalizie nafasi hiyo kwenye pikipiki.

Asiye na msamaha apige hesabu hivi. Forodha haitegemei risiti yako ya ununuzi: KRA ina orodha yake ya bei za rejareja, kisha inapunguza uchakavu kwa umri. Tuseme thamani ya forodha ni shilingi 200,000. Ushuru wa forodha 25% ni 50,000. VAT 16% haitozwi kwenye 200,000 bali kwenye 250,000, yaani 40,000. IDF (ada ya tamko la uagizaji) 2.5% ni 5,000, RDL (tozo ya maendeleo ya reli) 2% ni 4,000. Hiyo ni 99,000, na bado hujaweka ushuru wa bidhaa, ambao ukiingia unapandisha na VAT. Ongeza ada za bandari na za wakala.

Hati ya forodha iwasilishwe ndani ya siku 21 tangu mzigo ushushwe. Zikipita, mzigo huhamishiwa ghala la forodha, gharama zinapanda kila siku, na mwisho wake ni mnada. Wakala awe na leseni, na sehemu ya malipo yake izuie mpaka logibuku itoke. Si ubahili: kosa la hati ya forodha hurekebishwa kwenye hati ya forodha, na wakala aliyeiwasilisha ndiye anayepaswa kuomba marekebisho. Kulalamika NTSA kabla ya hapo ni kupoteza nauli. Akishalipwa yote, simu yake huwa “haipatikani kwa sasa”.

Usajili wenyewe, karatasi zikiwa sawa, ni mwepesi: unaingia kupitia eCitizen, unajaza, unalipa, unachagua pa kuchukulia. Kabla ya kubonyeza malipo, soma tena rangi, mwaka, ukubwa wa injini na chesisi. Namba pleti za pikipiki huanza na KM. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria; kampuni nyingi huitoa kwa nambari ya chesisi, kisha huibadilisha pleti ikitoka.

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita kama 120 na vizuizi vya polisi havikosekani. Bila pleti, ipakie kwenye kanta, lori dogo. Pikipiki ifungwe kwa mikanda minne, wala isisimamie stendi yake. Wa Lamu wafikirie pa kuiweka Mokowe, upande wa bara, kwa kuwa vichochoro vya Mkomani, mjini Lamu, havina nafasi yake, na waulize kama uwanja una paa.