Deraya ya karne ya 15 au nakala ya miaka ya 1800?

Mkuu, umeuliza utajuaje kama ile deraya ya mabamba (vazi la chuma la wapiganaji wa kale) uliyoiona mnadani ni ya karne ya 15 kweli au ni nakala ya miaka ya 1800, na kama nakala inafaa kununuliwa.

Anzia ndani. Pitisha vidole nyuma ya bamba la kifua. Fundi wa zamani alifua chuma kwa nyundo, kwa hiyo unene haulingani: katikati ya kifua nene, pembeni nyembamba, na alama za nyundo utazihisi. Bati la kiwandani lina unene uleule kila mahali. Angalia na kofia: nyingi za karne ya 19 ni vipande viwili vilivyoungwa utosini, mshono ukapigwa tupa. Kutu isikudanganye, tindikali huileta upesi sana.

Mimi nakala nazipenda kwelikweli, maana nazo zina historia. Mwaka 1839, kwenye mashindano ya Eglinton huko Scotland, ambako mabwana waliigiza mapigano ya kale ya wapanda farasi, mfanyabiashara wa London, Samuel Pratt, ndiye aliyewapatia deraya, na mvua ikawanyeshea hadi basi. Baadaye Ernst Schmidt wa München alitengeneza nakala nzuri mno, leo zinatafutwa kwa jina lake. Ukikuta yake, chukua, ila lipa bei ya nakala.

Usiisugue kwa msasa! Kitambaa laini na nta vinatosha. Tupia hapa picha za ndani, hasa ribiti na mikanda ya ngozi, nizitazame.