Manseba wawili na karatasi moja: Baba Grefie anajibu barua zenu

Jambo sana, Baba Grefie. Mimi ninauza lengalenga na matembele sokoni, huku Katuba. Mwezi wa tatu, bado giza, nilipanda moto (pikipiki) ya manseba anayebeba abiria, kwenda kupokea mboga. Karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, basi dogo likatokea kushoto, halikusimama, likatugonga. Manseba alichubuka mkono tu. Mimi mguu wa kuume ulivunjika mahali pawili chini ya goti, wakanitilia chuma. Polisi walikuja, wakapima barabara, wakaandika. Siku ya tatu mwenye basi akafika lopitali na dola 300 na karatasi ya Kifaransa. Nilikuwa nimelewa dawa. Mjomba wangu, ndugu ya mama, akapokea pesa, akatia saini. Sasa ni mwezi wa kumi, ninatembea na fimbo, na daktari anasema mwakani watanipasua tena ili watoe chuma. Nilipompigia mwenye basi, akanijibu: "Mama, mulishasaini, muniache nifanye kazi." Manseba naye anasema kosa ni la basi. Je, nimepoteza? Na mahakama ninaiogopa, watu wanasema bila pesa usisogee.
Mama wa mboga, Katuba, Lubumbashi

Mama, karatasi tutaifikia. Kwanza hesabu miezi kwa vidole: kutoka mwezi wa tatu hadi wa kumi, saba imekwenda, imebaki mitano. Miezi hiyo ndiyo inayoninyima raha nikisoma barua yako, kuliko hata saini ya mjomba. Kumuumiza mtu kwa kukosa uangalifu ni kosa la jinai, kifungu cha 54 cha sheria yetu ya adhabu, na kifungo chake hakizidi mwaka 1. Makosa madogo namna hiyo huzeeka upesi. Mwaka ukitimia tangu siku ya ajali bila kitendo chochote cha uchunguzi kufanywa, mashtaka ya jinai yanakufa. Njia ya madai peke yake inabaki wazi kwa muda mrefu zaidi, lakini huko utabeba ushahidi mwenyewe kichwani kama beseni la mboga. Kwenye jinai parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ndiyo inayoita watu, inayoomba PV (ripoti ya polisi) na kumuuliza daktari. Wewe unajiunga tu kama mwenye kudai fidia, na hakimu wa mahakama ya amani anakata yote mawili siku moja.

Kwa hiyo wiki hii, si wiki ijayo, nenda uulize PV ya siku ile iko wapi. Polisi wa roulage, wale wa barabarani, wanasema walishaipeleka parke? Omba namba ambayo parke iliiandikisha. Bado iko kwenye droo? Andika barua ya malalamiko kwa parke, weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na kama parke inalala, sheria haikufungi mikono: unaweza kumpeleka dereva moja kwa moja mbele ya mahakama ya amani kwa hati ya wito, ile tunayoiita citation directe. Wengi hawajui kwamba njia hiyo ipo. Nilikaa grefie, yaani karani wa mahakama, miaka 22, nikawaona watu wakisubiri parke hadi mwaka ukapita, halafu wanakuja dirishani kwangu na miwani yao wakiuliza mambo yamefika wapi.

Sasa karatasi. Katika barua hii una manseba wawili, Mama: mmoja amekubeba, mwingine amesaini. (Wasomaji wa mbali: hapa kwetu dereva wa pikipiki ya abiria tunamwita manseba, neno lile lile la mjomba.) Wa kwanza nitarudi kwake. Wa pili, mheshimu kama mjomba, lakini mbele ya sheria mguu si wake. Wewe ni mtu mzima, akili yako ilikuwepo, ni dawa tu iliyokulaza. Hukumpa barua ya kukuwakilisha. Saini yake inamfunga yeye. Ili ikufunge wewe, mwenye basi lazima aonyeshe kwamba ulimtuma au kwamba baadaye ulikubali. Ndiyo maana ninakuomba: usipokee tena hata franka moja kutoka kwa mtu huyo bila kuandika juu ya risiti kwamba ni malipo ya sehemu, kwa ajili ya dawa, na kwamba unaendelea kudai yaliyobaki. Ukipokea kimya, atasema ulikubali.

Halafu itoe karatasi yenyewe mwangani uitazame vizuri. Nimepitisha mikononi karatasi za namna hiyo nyingi sana, na Kifaransa chake ni kile kile, utadhani wanainunua tayari sokoni. Tafuta maneno "pour solde de tout compte", maana yake malipo ya mwisho, hakuna deni tena. Kama hayamo, ulicho nacho ni risiti ya dola 300, basi. Kama yamo, shuka chini kwenye "lu et approuvé", nimesoma na kukubali. Maneno hayo mwenye kutia saini ndiye anayepaswa kuyaandika kwa mkono wake. Linganisha herufi. Mara nyingi nilikuta "l" ya juu na "l" ya chini ni ndugu wa tumbo moja: mwenye gari ameandika ukurasa mzima, amemwachia maskini nafasi ya saini peke yake. Hakimu akionyeshwa hilo, na akisikia kwamba aliyesaini hasomi Kifaransa wala hakutafsiriwa, atakunja uso.

Sitakudanganya: mapatano yaliyosainiwa na mwenye haki mwenyewe, akiwa mzima na akielewa, ni kitu kizito. Yanavunjwa kwa udanganyifu, kwa vitisho, au watu wakikosea juu ya jambo lenyewe walilopatana, hayavunjwi kwa kusema tu "nilipewa kidogo." Bahati yako ni kwamba hukuwa wewe. Na kwa yeyote asomaye haya akiwa kitandani: siku ya tatu hakuna anayejua mguu una thamani gani. Daktari mwenyewe hajui. Asilimia ya ulemavu hupimwa mfupa ukishatulia. Anayekuja na kalamu siku ya tatu amekimbilia kununua kitu kabla hakijapimwa kwenye kilo. Jambo lingine, hata mapatano halali hayafungi mdomo wa parke. Yanahusu pesa kati yenu; kosa la dereva ni mali ya serikali.

Nani alipe? Wewe ni abiria, hukushika usukani wa upande wowote, kwa hiyo ugomvi wa "kosa ni lako, kosa ni lake" usikuumize kichwa. Waite wote wawili, manseba na basi; wakibishana juu ya nani alipita bila kutazama, wabishane wao. Dereva anajibu kwa uzembe wake, vifungu vya 258 na 259 vya sheria ya madai. Mwenye basi anajibu kwa kifungu cha 260, kwa sababu aliyemtuma mtu kazini hubeba madhara ya mtu huyo akiwa kazini. Sheria hiyo ni ya 30 Julai 1888, enzi ya Leopold II. Kati ya yote aliyotuletea mzee yule, hii mimi naitumia bila kinyongo.

Ila mfuko wa mwenye basi moja ni mfupi. Mfuko mrefu ni wa asiransi, yaani bima. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973 kila chombo cha moto kinachotembea barabarani lazima kiwe na bima ya kuwalipa watu wengine kinaowaumiza, pikipiki pia, na wewe uliyeumia unaweza kuidai kampuni ya bima moja kwa moja. Soma PV: polisi wanapaswa kuandika jina la kampuni, namba ya mkataba na tarehe yake ya mwisho. Zamani hukuhitaji kuuliza ni kampuni gani, maana ilikuwa moja tu ya serikali. Sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, sasa ziko kadhaa, na ukipeleka barua kwenye kampuni isiyo yake utapoteza mwezi. Na tafadhali, usionyeshwe vignette ukaambiwa ndiyo asiransi. Vignette ni kodi. Haijawahi kumlipa mtu hata bandeji. Nimeona mwalimu mzima, mtu wa shule kabisa, ameandika namba ya vignette kwenye madai yake.

Bima ikiwa imekwisha muda siku ya ajali, kampuni itageuza kichwa, na mwenye basi atalipa kwa mali yake. Basi lenyewe ni mali. Wakili anajua jinsi ya kuomba likamatwe kabla halijauzwa.

Nimesema wakili, na wewe umesema huna pesa. Chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasiojiweza. Uliza kwenye jumba la mahakama, mjini. Nenda na cheti cha umaskini, ukaulize kwanza kwenye komine yako (manispaa) ni ofisi gani inayokitoa. Hakimu akikiona anaweza kukuondolea ada ya kuanzia. Watu wanaosema bila pesa usisogee hawasemi uongo mtupu, nami nimeona niliyoyaona. Lakini nimeona pia mafaili ya watu wasio na kitu yakishinda, na sababu ilikuwa moja: yalikuwa mazito mkononi.

Nikueleze uzito huo. Kulikuwa na watu wawili, miguu yao imevunjika karibu sawa. Wa kwanza alikuja na mdomo. Alieleza vizuri, alilia, hakimu alimhurumia. Akampa fidia "ex aequo et bono", yaani kwa kadiri dhamiri ya hakimu inavyoona haki, kwa sababu hapakuwa na namba za kuhesabu. Huruma ya hakimu ina kipimo kidogo. Wa pili, muuza samaki, alikuja na mfuko wa plastiki wa sukari. Ndani: fakitire (ankara) za lopitali, ordonansi (vyeti vya dawa) kila moja na risiti ya famasi imebanwa nyuma kwa pini ya nguo, tiketi za taksi za kwenda kubadilisha bandeji, na daftari la mwanafunzi alimokuwa akiandika mauzo ya kila siku tangu kabla ya ajali. Daftari lilinuka samaki hadi rafu nzima ya ofisi yetu ya grefie ikanuka. Mwanasheria wa upande wa pili alijaribu kulikataa, hakimu akalifungua, akafuata safu ya tarehe kwa kidole: mauzo, mauzo, mauzo, halafu kurasa tupu miezi minne. Kurasa zile tupu zilisema kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo, Mama, una daftari la mboga? Kama huna, wanaokuuzia jumla wanalo, na mwenye kukusanya likelemba (mchango wa zamu) yenu anajua ulikuwa unatoa kiasi gani na uliacha lini. Hao ni mashahidi. Dai lako lihesabu dawa zilizopita, upasuaji wa mwakani wa kutoa chuma (mwombe daktari aandike bei yake sasa), miezi bila soko, asilimia ya ulemavu, na maumivu yenyewe. Omba parke imwandikie daktari barua rasmi akupime. Cheti ulichoomba mwenyewe ni kizuri, kilichoombwa na parke ni kigumu kukataliwa. Na picha za eksirei usiziweke chini ya godoro. Mvua inaanza, zitashikana kama kurasa za Biblia iliyonyeshewa. Zitundike ukutani, kila moja peke yake.

Mjomba usimgombeze. Yeye ndiye atakayeeleza mahakamani ni nani aliyeandika, ni lugha gani ilisomwa, na wewe ulikuwa macho au umelala. Mpe kiti cha mbele.

Baba Grefie, basi la kampuni lilipinduka likitupeleka kazini, barabara ya Likasi. Nilivunjika bega. Bosi anasema nisubiri asiransi ya gari.
Fundi, Kampemba

Subiri, lakini usisubirie hapo peke yake. Ajali ya njiani kati ya nyumba na kazi inahesabiwa kama ajali ya kazi, na CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ndiyo inayoihudumia kama bosi alikuandikisha. Yeye ndiye wa kuitangaza. Mwombe kwa barua, abaki na moja, nawe ubaki na moja yenye saini yake. Akisita sana, huenda hakukuandikisha, na hapo una kesi nyingine kabisa dhidi yake, niandikie tena.

Lori lenye namba za Zambia lilimgonga kaka yangu njia ya Kasumbalesa. Dereva ameachiwa, tunaambiwa atarudi na mzigo mwingine. Tumdai nani, Zambia?
Yaya wa Annexe

Hapana, usiende Zambia. Malori ya huko yanayoingia kwetu hutembea na kadi ya njano ya COMESA (umoja wa biashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo ni bima yao huku nje, na hapa Kongo kuna ofisi inayoiwakilisha na kupokea madai. Namba ya kadi iwe kwenye PV. Kama haimo, na dereva atarudi kweli, mkamsubiri foleni ya mpakani na polisi, na simu yenye chaji. Piga picha ya kadi mbele na nyuma, na namba za kichwa na za trela. Mara nyingi hazifanani.