Namibia: sweta, tairi la akiba na tangi lililojaa

Begi langu la Namibia nililifunga kwa akili za Dar: jangwa ni jua, jua ni joto, basi fulana na kandambili zinatosha. Ilikuwa Julai. Usiku wa kwanza pale Sesriem, kwenye geti la hifadhi ya jangwa la Namib, nililala hemani nimevaa kila kilichokuwemo begini, soksi mikononi. Mchana wake nikaungua pua. Ukienda Juni hadi Agosti, beba sweta zito, tena usione aibu.

Lakini baridi huvumilika. Kinachotesa wageni ni umbali. Nchi ina kilomita za mraba zipatazo 825,000, si ndogo sana kwa Tanzania, na sensa ya 2023 ilihesabu watu milioni 3 na kidogo tu. Sisi tumezoea barabara zenye watu. Ukipata pancha Chalinze, hujashuka vizuri vijana wameshafika na jeki. Mimi nilipata yangu kwenye changarawe nje ya kijiji cha Solitaire, nikakaa karibu saa nzima sijaona gari wala mbuzi, na tairi la akiba la gari nililokodi halikuwa na upepo. Mkulima mmoja mwenye pikapu na pampu ndiye aliyeniokoa.

Kwa hiyo kagua matairi mwenyewe kabla hujatoka Windhoek, na ukiweza omba la akiba la pili. Kila ukikuta kituo cha mafuta, jaza, hata kama tangi limebaki nusu. Maji ya kunywa yasipungue garini. Kwenye changarawe usizidi 80, gari huteleza ghafla. Jua likizama, egesha, maana tandala hukatiza barabara bila taarifa.

Ukienda Sossusvlei, kwenye vilima vya mchanga vya jangwa la Namib, lala kambi iliyo ndani ya geti la hifadhi ili uruhusiwe kuingia kabla ya mapambazuko. Wengi hukimbilia kupanda vilima hivyo. Mimi ningekupeleka Deadvlei, bonde kavu lililo jirani: miti iliyokufa karne nyingi zilizopita, bado imesimama, myeusi, kwa kuwa ukavu hauiachi ioze.

Siku ya mwisho nilikula kapana Katutura, mtaa wa Windhoek: nyama ya kuchomwa mbele yako. Mzee mmoja aliposikia natoka Tanzania aliacha kutafuna. Miaka ya 1960 wapiganaji wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, walikuwa na kambi Kongwa, Dodoma, naye alikuwemo. Akaniuliza, kwa Kiswahili chenye kutu, kama lile vumbi bado lipo.

Nikamwambia lipo.