Uliza Mwalimu: Bonde limejaa, mtoto aende skuli?

SUALI

Asalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Mtambwe, Pemba. Masika haya mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mwanangu wa darasa la 3 alitoka na dada yake, wakavuka bonde maji yakiwa magotini. Kufika skuli wakamkuta mlinzi peke yake. Walimu hawakuja na hakuna aliyetwambia. Wiki ya pili yake mvua ilikuwa ile ile, nikawazuia. Kumbe siku ile watu walisoma, wanangu wakaandikwa watoro na wakachapwa. Dada yangu yuko Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, ananambia kule theluji ikianguka simu inalia kabla hakujapambazuka, mzazi anajua kama skuli ipo, haipo au imesogezwa mbele. Sisi tunashindwa nini? Na je, nina haki ya kumzuia mtoto?

Mama wa Watatu, Mtambwe

JAWABU

Waalaykum salaam mwanangu. Naanza na lako la mwisho, maana humo ndimo ilimo roho ya mtoto. Mzuie. Bonde likijaa, mzuie na usimuombe mtu radhi.

Nimefundisha miaka mingi Pemba na mabonde hayo nayajua. Njia inapita juu ya tuta, huku jaruba la mpunga na kule jaruba, na katikati pana mfereji wenye kigogo cha mnazi cha kuvukia. Siku ya kawaida mtoto anapita anakimbia. Maji yakishafunika tuta, pote panakuwa rangi moja ya udongo, hajui tuta limeishia wapi na mfereji umeanzia wapi. Kigogo nacho huwa kimeshateleza au kimeshachukuliwa. Maji ya magoti kwa mtu mzima ni ya mapaja kwa mtoto wa darasa la 3, na yakiwa yanakwenda kasi yanamuangusha na mkoba wake mgongoni. Mwalimu anayemchapa mtoto aliyezuiwa na mzazi wake siku kama ile anawafundisha watoto wote darasani kwamba bora kuzama kuliko kuandikwa mtoro. Nenda kwa mwalimu mkuu, nenda na baba yao au mjomba wao, mzungumze kwa upole lakini mulitamke hilo wazi. Asipokusikia, ipeleke kamati ya skuli.

Sasa Ohio. Kule anayeamua ni mkuu wa skuli za wilaya nzima, hawaachiwi walimu wakuu kila mmoja na lake. Usiku wa theluji watu wake wanatoka na magari wakapita barabara zenyewe, kwa sababu watoto wengi wanakwenda kwa mabasi ya skuli na hofu kubwa ni basi kuteleza kwenye barafu. Kwenye saa 11 alfajiri uamuzi unakuwa umepatikana: skuli ipo, au imefungwa, au itachelewa kuanza kwa muda wa saa mbili ili barabara zisafishwe. Mkuu wa polisi wa kaunti naye ana ngazi zake tatu za kutangaza hatari ya theluji, na ya tatu ikitangazwa barabara zinafungwa kwa kila asiye na kazi ya dharura. Hata bila ya theluji, baridi peke yake inafunga skuli. Tarehe 6 Januari 2014 gavana wa Minnesota alifunga skuli zote za jimbo lake kwa ajili ya baridi, maana upepo wa namna ile unaweza kuiua nyama ya pua au vidole vya mtoto anayesubiri basi, kwa muda usiozidi nusu saa.

Theluji hatuna na mabasi hayo hatuna, lakini utaratibu wao una mambo matatu yasiyogharimu hata senti: mtu mmoja anayejulikana, saa moja inayojulikana, na njia moja ya kuwafikia wazazi. Hayo ndiyo uliyoyakosa asubuhi ile.

Saa tunayo. Mwalimu mkuu awe ameshaamua kabla ya sala ya alfajiri kwisha. Wanaume wa kijiji wako msikitini wakati huo, na kipaza sauti kipo. Imamu akishamaliza, maneno machache tu: leo skuli haipo, bonde limejaa. Kundi la WhatsApp la wazazi liwepo, ni zuri, ila usiku wa mvua umeme ukikatika na simu ikaisha chaji, sauti ya msikitini inafika pale pale. Sheha, kiongozi wetu wa mtaa, naye apewe habari, kwa sababu yeye ndiye anayejua nyumba zilizo ng'ambo ya maji.

Mwalimu mkuu ataamua kwa kutazama nini? Mvua kuwa kubwa mjini Wete hakumwambii bonde la Mtambwe likoje. Kabla ya masika, mwezi wa Februari hivi, akae na kamati waandike watoto wote na njia wanazopita: hawa wanavuka bonde, hawa wanapita barabara ya lami, hawa wanateremka mlima wa udongo wa utelezi. Kwa kila pahala pabaya achaguliwe mzee mmoja anayekaa hapo hapo, ndiye wa kumpigia mwalimu alfajiri akamwambia panapitika au hapapitiki. Watu wa Ohio wanalipa magari na madereva kwa kazi hiyo. Sisi tuna wakulima wa mpunga ambao wameshafika bondeni kabla ya jogoo wa pili.

Na atazame mwezi. Hili wageni hawalijui, lakini sisi watu wa pwani hatuna udhuru. Mvua ile ile ikinyesha wakati wa maji mafu, bahari isipopanda sana, bonde linamimina baharini na kufika saa 4 pamepungua. Ikinyesha wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, bahari inapanda hadi kiasi cha mita 4 juu ya maji makavu yake, inaingia mikokoni, na maji ya mvua yanakosa pa kutokea. Ndiyo maana unaona mvua ni moja, lakini siku moja watu wanapita na siku nyengine hawapiti.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo inatoa utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa, kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, kabla ya kufika Mafia tarehe 4, taarifa zilitangulia na boti za Unguja na Dar es Salaam zikasimama. Kwa jambo kubwa kama lile amri inatoka juu na kila mtu anaisikia. Mvua iliyofunga kijiji kimoja haitangazwi na mtu, na humo ndimo watoto wetu wanamopotelea. Mimi ningependa kamati ikubaliane mapema: ikitoka tahadhari, wanaovuka bonde wabaki nyumbani bila ya kuulizwa. Ikitoka tahadhari kubwa, wabaki wote.

Kuchelewesha saa mbili kama Ohio ni kugumu kwetu. Skuli zenye mikondo miwili, wa mchana wanafika na wale wa asubuhi hawajamaliza masomo yao, na darasa ni moja. Hapo bora vipindi vya mikondo yote vifupishwe siku hiyo kuliko mkondo mmoja kubeba hasara yote.

Ama masomo yanayopotea, Ohio wameacha kuhesabu siku tangu mwaka wa masomo 2014/15. Wanahesabu saa: si chini ya 910 kwa mwaka hadi darasa la 6, na 1,001 kwa darasa la 7 hadi la 12. Napenda hesabu hiyo kwa sababu inasema kweli. Siku ya mvua chini ya bati bila ya dari, mwalimu anapiga kelele na mtoto wa dawati la pili hasikii kitu. Kwenye daftari la mahudhurio siku ile imehesabiwa, na hakuna aliyesoma.

SUALI

Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzako. Kila siku navuka kwa mashua kutoka Chokocho kwenda Kisiwa Panza. Kusi ikivuma sana nahodha anakataa kuondoka, nami naandikwa mchelewaji. Nifanye nini?

Mwalimu wa Kuvuka

JAWABU

Pole mwenzangu. Nahodha akikataa usimbembeleze, wala usitafute mwengine atakayekubali kwa fedha zaidi. Muombe akuandikie jina lake, tarehe na saa katika daftari utakalolinunua wewe, umpelekee mwalimu mkuu kila mwisho wa wiki. Kuhusu watoto, kisiwani hapakosi kijana aliyemaliza kidato cha 4. Muombe mwalimu mkuu ampe ufunguo na kazi ulizoziandaa tangu kabla ya Juni, asubuhi ya kusi afungue darasa, wasome na kuandika mpaka bahari itulie ufike.