Hita ya gesi inazima katikati ya kuoga, je ni sensa?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina hita ya gesi ile isiyo na tangi, iko nyuma ya jiko, niko Nyali na maji yetu ni ya kisima. Unaoga vizuri tu mara maji yanakuwa baridi na kidude kinaandika herufi na namba. Fundi aliyekuja hata hakufungua kifuniko, akasema sensa ya joto imekufa ninunue ingine. Nitajuaje kama kweli?

JIBU: Marahaba dada. Kwanza tafuta maana ya hiyo kodi, yaani hizo herufi na namba, kwenye kitabu cha hita yako, maana kila kampuni ina zake, na kama inatumia betri weka mpya kabisa, betri chovu huzima moto vilevile. Hiyo ya kuambiwa nunua bila kupimwa mi siipendi kabisa.

Sensa yenyewe ni kitu rahisi, joto likipanda omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinashuka. Funga gesi, chomoa umeme au toa betri, funga koki ya maji na ufungue bomba presha iishe. Sensa ya maji moto iko kwenye paipu ya kutokea, ina waya mbili na kisoketi. Chomoa kisoketi uangalie pini, huku pwani zinashika kutu ya kijani halafu sensa ndio inasingiziwa. Weka mita ya umeme kwenye omu, alama ya 20k (yaani 20,000). Nyingi ni za omu 10,000 kwa nyuzi 25, kwa hiyo kwa joto letu la nyuzi 30 utapata kama 8,000, sasa ifungue sensa kwenye paipu, itumbukize ncha kwenye kikombe cha maji ya nyuzi 50 inatakiwa ishuke polepole mpaka kama 3,600. (Zipo pia za omu 50,000, hizo zinataka 200k.) Ikikaa kwenye 1 au OL bila kusogea waya umekatika ndani, ikisoma sifuri imeshoti, na ukitikisa waya namba zikarukaruka pia imekwisha.

Ikipita mtihani usinunue kitu. Kwa maji ya kisima mi nashuku zaidi ule ukoko mweupe, unajifunika kwenye ncha, sensa inachelewa kusikia joto, na ukijaa kwenye koili (ile paipu ya ndani inayopashwa moto) maji yanapita machache yanachemka hita inajizima. Ncha iloweke kwenye siki, usikwangue na kisu, halafu koili nayo isafishwe.

Kama imekufa kweli, nenda dukani na ile ya zamani mkononi mlinganishe omu, uzi wa kukazia na kisoketi. Oringi (kile kipira cha kuzuia kuvuja) weka mpya, kaza kiasi maana shaba inapasuka. Kuna sensa za kubana juu ya paipu, hizo hazigusi maji ila zinataka ile pesti ya kupitisha joto. Na usikubali mtu aunganishe waya mbili "ijaribu tu", hita itadhani maji yanachemka na haitawaka. Ukimaliza fungua maji kwanza uone kama inavuja, ndio ufungue gesi.