Nilizaliwa ndani ya MV Liemba

Aliyeanzisha mada ameuliza ni jambo gani la kweli kuhusu maisha yetu ambalo watu hukataa kuliamini. Langu ni kwamba nilizaliwa melini, katika Ziwa Tanganyika, mwaka 1986, wakati MV Liemba ikitoka kusini kuelekea Kigoma.

Wengi hudhani ninatania, na nikianza kuieleza meli yenyewe mashaka yao huzidi. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta bado inafaa. Ilirudi kazini mwaka 1927 kwa jina ililo nalo hadi leo.

Mama yangu hakuyajua hayo wala hayakumhusu. Alichojua ni kwamba kijijini kwetu, upande wa Lagosa, hapakuwa na barabara ya kumfikisha hospitali, kwamba mimba yake ya kwanza ilikuwa imemtesa, na kwamba meli ikimwacha angesubiri kwa muda mrefu kabla ya kuiona tena. Gati halikuwepo. Meli ilisimama mbali na ufuko, ikapiga honi, na mitumbwi ikaifuata gizani, kila mmoja ukigombea nafasi kwenye mlango wa ubavuni. Anasema uchungu haukumtisha kama ile hatua moja ya kutoka mtumbwini kuingia melini, kwa sababu mawimbi yaliuinua mtumbwi na kuushusha, naye alipaswa kungoja uinuke ndipo anyooshe mikono. Baharia alimshika kwapani, mwanamke asiyemfahamu, aliyekuwa tayari melini, akamsaidia kuingia.

Mwanamke huyo ndiye aliyenipokea. Katika daraja la tatu, katikati ya magunia ya dagaa, abiria wa kike walishikilia khanga kuwa pazia, mmoja akatoa wembe mpya uliokuwa bado ndani ya karatasi yake, mwingine akachomoa uzi wa kufungia kitovu. Wanaume waliambiwa wapande juu, wakapanda bila ubishi. Nilizaliwa kabla ya alfajiri. Cheti changu kinasema tu Kigoma, kwa kuwa karani aliyenisajili hakuona mahali pa kuandika ziwa.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kwa sentensi moja, ili watu washangae, na walishangaa kisha wakaendelea na mambo yao. Nilipomwomba mama anieleze usiku ule tangu mwanzo, ndipo nilipotambua kwamba jambo hili ni lake zaidi kuliko langu, kwani mimi sikushuhudia chochote. Tangu hapo ninalisimulia kama alivyonisimulia, nikianzia na ule mtumbwi, na mara nyingi msikilizaji naye hunieleza jinsi mama yake alivyojifungua shambani, au ndani ya basi lililokwama matopeni. Mwaka 2015, Liemba ilipokuwa ikiwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka ufuko wa Kagunga na kuwaleta Kigoma, mama alifuatilia taarifa hizo redioni kila jioni, akiuliza kama miongoni mwao walikuwemo wajawazito.

Jina la aliyenipokea hatukulipata. Mama anakumbuka tu kwamba alipandia Kipili na alikuwa akienda kwa binti yake Ujiji. Ikiwa kuna msomaji ambaye mama au bibi yake amewahi kusimulia kwamba alimzalisha mwanamke ndani ya Liemba mwaka huo, ninaomba aandike hapa. Mama yangu yu hai na angependa kumshukuru.