Prizi inanuka moto, mwenye nyumba anasema ningoje

SWALI: Jambo mama wa gazeti. Niko napanga nyumba ya mbao huku Kadutu mu Bukavu, upande wa Nyamugo, niko na batoto bane na mama mkwe. Tangu mwezi jana prizi ya sebule inapata moto sana, sasa imekuwa nyeusi inanuka plastiki, na kila nikichomeka resho, jiko ya umeme, ampuli (taa) zinafifia. Nilimwambia mwenye nyumba akasema ningoje mwisho wa mwezi, kiisha akageuka akasema prizi ni mambo ya mpangaji nitengeneze mwenyewe. Na garanti, ile pesa ya dhamana ya kuingia, nilimpa ya miezi sita! Naweza kutengeneza alafu nikate ile pesa ku ya nyumba?
Mama wa batoto bane, Kadutu

JIBU: Mama, pesa tutaiongelea, lakini mbele ya yote hiyo prizi usiitumie tena, hata kwa kuchaji simu tu. Shusha dijonkteri, ile swichi kubwa inayokata umeme ya nyumba, na kama ile laini iko na dijonkteri yake ya peke, ibaki chini mpaka elektrisien apite. Prizi kuwa nyeusi na kunuka mara nyingi maana yake fili (nyaya) zimelegea ndani, pale zinapogusana vibaya ndipo moto unazaliwa, na nyuma yake ni mbao kavu. Resho ya wati 2000 ku umeme ya volti 220 inavuta karibu ampere 9, na nyumba nyingi za kwetu prizi zimepitishiwa fili nyembamba ya ampuli, ya milimita mraba 1,5, wakati inahitaji ya 2,5. Mwambie fundi aangalie fili yote, si kubadilisha kifuniko tu. Aangalie pia fizibo (fyuzi), kwa sababu kuna batu wanaweka kipande ya shaba pale fizibo imeungua, na fizibo kazi yake ni kukatika mbele ya nyumba kuwaka, ukiizuia kukatika nyumba ndiyo inalipa.

Sasa mwenye nyumba. Hapana, fili za ndani ya ukuta si mambo ya mpangaji. Dekre ya 30/7/1888 ya mikataba, ile tunatumia mpaka leo, inamlazimisha mwenye nyumba afanye matengenezo yote yanayohitajika wakati mtu anapanga, ile midogo midogo ya matumizi ya kila siku ndiyo inabaki kwako. Na garanti ya miezi sita alikuzidishia, sheria ya 31/12/2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi haipite miezi tatu. Lakini mama, usikate pesa ya nyumba kwa kichwa yako, atasema hulipi na utajikuta unatafuta nyumba ingine na batoto mgongoni. Mwandikie barua leo, hata ya mukono, weka tarehe, eleza prizi iko namna gani, piga picha, muombe asaini kopi yako, akikataa mpelekee mbele ya shefu wa avenyu ao jirani mzima mwenye anaweza kushuhudia. Kama anakubali utengeneze ukate kiisha, aandike hesabu na asaini. Akikataa yote, nenda ku serivisi ya abita (mambo ya nyumba) ku komini, wao ndio wanaita mpangaji na mwenye nyumba mbele ya mambo kufika tribinali.

Kitu ingine mama, hukuuliza lakini inaniumiza sana. Umeme ikikatika na resho iko wazi, tunasahau, tunatoka ama tunalala, alafu inarudi saa nane ya usiku na kuko nguo ama kartoni juu yake. Chomoa pale pale inapokatika. Na kama moto ya umeme imewaka, kata dijonkteri, usimwage maji, mwaga mchanga, na ikizidi toka na batu wote usirudie godoro. Kadutu nyumba zimebanana ku mulima, gari ya zimamoto haipite katika vile vijia, kwa hiyo lazima mjirani ajue mapema, lia kwa nguvu. Angalia usiku huu kama madirisha yana antivol (vyuma vya kuzuia wezi), kama iko, ufunguo wa mlango ukae pahali pamoja na mtoto mkubwa apajue.

SWALI: Huku Bagira usiku baridi ni kali, tunaingiza mbabula (jiko ya makala) ndani wakati makala imeshakuwa nyekundu na moshi imeisha. Kuna ubaya?
Baba wa Bagira

JIBU: Baba, kuna ubaya mkubwa. Ile makala nyekundu bila moshi inatoa gazi ya monoksidi ya kaboni, haina harufu, haionekane, na mtu aliyelala hasikii kitu, anaenda tu. Kufungua dirisha kidogo haitoshi. Mbabula ibaki inje, ongezeni blanketi. Na mtu akiamka kichwa inamuuma, anatapika ao miguu haimubebe, mtoeni inje kwenye hewa mara moja na mpelekeni ku hospitali, mwambieni muganga kama mulilala na makala ndani, asimutibie malaria.